Kuhesabu kwa Kichwa Si Wizi

Mliniomba, wanafunzi wangu wa meza za kamari, siku ile ya kuniaga, niwaandikie namna ya kumtambua mwizi wa karata. Nitaandika. Lakini itabidi niandike pia namna ya kumtambua asiye mwizi, maana mimi hapo ndipo nilipoharibu.

Nimerudi Rumonge, huu ni mwezi wa tatu. Maji ya ziwa yamepanda mpaka nyuma ya nyumba ya marehemu mama, na jirani zangu wawili wamekwisha kuhama. Nina wakati mwingi na kazi kidogo. Vyeo siviandiki, cheo changu kikubwa kilikuwa kupewa kiti kirefu cha msimamizi badala ya kusimama. Mshahara mnaujua, haukuwa tofauti na wenu.

Niliingia kazini nikiwa na miaka thelathini na miwili, mjane, na binti mmoja wa kusomesha. Kulikuwa na hoteli ya ufukweni upande wa Kabezi, na ghorofani walikuwa na sali, yaani ukumbi wa kamari, yenye meza nne, madirisha yakitazama ziwa. Nyumbani nilisema nimepata kazi hotelini, na haukuwa uongo. Mama alikuwa Mwislamu wa swala tano. Alijua. Hakuwahi kuniuliza, nami sikuwahi kumpelekea jibu.

Aliyenipokea ni Papa Fataki, mkuu wa sali, mtu wa Baraka ng'ambo ya ziwa, mwembamba, miwani yake ameifunga kwa uzi. Siku ya kwanza hakunionyesha karata hata moja. Alinipa sindano na kuniambia nishone mifuko ya sketi yangu, yote miwili, mpaka kidole kisipite. Halafu kwa wiki mbili alinifundisha kupiga makofi. Mnajua: krupye, yaani mgawaji karata, akitoka mezani anapiga makofi mara moja na kugeuza viganja juu, ili kamera ya darini ione kwamba habebi kitu. Nilipiga makofi mpaka nikaota ndoto nimo harusini.

Ndipo karata zikaja. Mchezo wetu mkubwa ulikuwa ishirini na moja. Pakiti sita zinachanganywa, zinatiwa kwenye kile kisanduku tunachokiita sabo, na mchezaji na nyumba, yaani wenye sali, kila mmoja anatafuta kukaribia ishirini na moja bila kuipita. Nyumba inashinda polepole kwa sababu moja tu: mchezaji ndiye anayeanza, kwa hiyo ndiye anayeanza kuanguka kwa kuipita. Siri yote ni hiyo. Mengine ni taa na vinywaji.

Nilikuwa na mkono mbaya. Nilipokuwa naiweka ile karata ya nyumba inayolala kifudifudi, niliinyanyua kidogo upande wa kushoto, na mzee mmoja mfanyabiashara wa kahawa akawa anakalia kiti cha kushoto kila siku. Alishinda wiki nzima. Nilipogundua nilitaka afukuzwe na polisi waitwe. Papa Fataki akaniuliza kama mzee yule alinishika mkono, au kama alikuwa na kioo, au kama alimtuma mtu asimame nyuma yangu. Nikasema hapana.

"Basi aliona na macho yake, kwenye kiti yake," akasema. "Kosa iko ya nani, mama?"

Nilinunua kioo cha kuning'iniza, nikafanya mazoezi nyumbani mpaka ule unyanyuaji ukaisha. Mzee wa kahawa alirudi akakuta ukuta. Akaniletea mfuko wa kahawa, bila kinyongo.

Baada ya hapo Papa Fataki alinikalisha barazani mwa hoteli akanipa somo ambalo nimelirudia kwenu mpaka mmelichoka. Alisema watu wanaoshinda ni wa namna tatu. Wa bahati, huyo mpe chai, kesho atarudisha. Wa kichwa, yaani anayekumbuka karata zilizotoka na kujua zilizobaki, huyo hajavunja sheria yoyote. Nyumba ikimchoka imwambie kwa adabu asicheze tena, kama mwenye duka anavyoweza kukataa mteja, lakini alichokwisha kushinda ni chake. Na wa vidole: anayetia alama kwenye karata, anayebadilisha, anayepatana na krupye, anayeficha mashine mfukoni. Huyo anadanganya, na kudanganya ndiko sheria inakokuita kosa. Sheria yetu haina sura ya karata. Ina sura ya udanganyifu tu. Kwa hiyo kila mara swali ni lile lile: nani amemdanganya nani, na kwa kitu gani?

Wa vidole wa kwanza nilimkamata kwa pua. Alikuwa mtu nadhifu wa mjini, shati jeupe, na kila akipata karata ya sura, mfalme au malkia, aliigusa mgongoni kwa kidole cha shahada. Karata ziliporudi kwangu nilisikia harufu ya nyumbani. Mtoto wa Rumonge hawezi kuikosea harufu ya mawese. Nilizitazama kwa ubavu kwenye mwanga wa dirisha, na kila yenye sura ilikuwa na doa dogo linalong'aa. Kwenye soksi yake polisi walikuta kichupa. Alihukumiwa, na sikumwonea huruma. Tangu siku hiyo wakaniamini macho. Jina zuri la kazini ni kitu cha hatari, nitawaambia kwa nini.

Mwalimu Nestori alianza kuja miaka kama kumi na mitano baada ya hapo, Jumamosi mchana. Alifundisha hesabu shule moja ya Gatete. Mtu mrefu, suruali imepigwa pasi, soda moja tu kwa saa nne. Alisema "shikamoo" kwa Papa Fataki na "samahani" kwa kila mtu, kile Kiswahili cha waliozaliwa Tanzania, makazini mwa wakimbizi, wakarudi wakubwa. Wahudumu walimcheka kidogo. Mimi niliyatazama macho yake. Mchezaji wa kawaida hutazama karata zake. Yeye alitazama za kila mtu. Karata ndogo zilipokuwa zimetoka nyingi, na kwenye sabo zimebaki za kumi na za sura, zinazomfaa mchezaji, aliongeza dau. Zilipobaki hafifu alipunguza, au alikwenda kunawa mikono. Hakugusa karata hata mara moja. Hakuwa na kitu mfukoni ila leso.

Nilimwambia Papa Fataki. Akatazama Jumamosi moja nzima, akasema yule ni wa kichwa, tena kichwa kizuri, nenda umwambie kwa heshima. Nikamkuta barazani.

"Mwalimu, iko neno moja," nikamwambia. "Unacheza vizuri kuliko nyumba inavyoweza. Tunakuomba usicheze tena mchezo huu kwetu."

Aliweka soda yake chini. "Nimevunja sheria gani, dada?"

"Hakuna."

"Basi ninaombwa kuondoka kwa sababu najua kujumlisha."

Nikamjibu ndiyo, ni hivyo, na kwamba alichoshinda atakichukua chote. Alicheka, akanieleza kwa nini alikuwa anakuja. Shamba la michikichi la babu yake lilikuwa Gatete. Babu alikimbia, watu wengine wakaliingia na wao wakazaliana humo. Wazee wa mahali walishauri ligawanywe, lakini Nestori awalipe wale michikichi waliyoipanda wao. Mshahara wa mwalimu haulipi michikichi. Makaburi ya ukoo yalikuwa katikati ya shamba. Akanishukuru kwamba sikumtukana mbele ya watu, akaondoka, hakurudi.

Halafu Papa Fataki akaugua miguu, akavuka kwenda kwao Baraka, na sali ikapewa mkurugenzi mpya, mgeni, aliyejua vizuri vinywaji na vibaya karata. Mimi nikakalia kiti kirefu. Jumamosi moja Mwalimu Nestori akatokea mlangoni. Alikuwa amekonda. Kikao cha shamba kilikuwa kimekaribia, na bado alipungukiwa. Aliniuliza, kwa ule upole wake, kama lile katazo lingalipo. Lilikuwepo. Nilikuwa mimi peke yangu ninayelijua.

Nikamwambia apite.

Ilikuwa huruma, lakini huruma iliyofanywa kwa mali ya mtu mwingine. Aliniheshimu kwa kucheza kidogo. Jumamosi mbili alishinda kiasi. Ya tatu alishinda sana, na mkurugenzi alikuwa mbele ya skrini za kamera. Alishuka, akazikusanya jetoni za mwalimu mwenyewe, vile vidude vinavyosimama badala ya fedha, akasema mtu huyu ameweka alama, akaita polisi. Mwalimu alisimama mikono wazi juu ya kitambaa cha kijani. Alinitazama, akingoja niseme neno. Nilisema tutalitazama. Wakamchukua, jua lingali juu ya ziwa.

Jumatatu mkurugenzi aliniita ofisini. Karatasi ilikuwa imepigwa chapa tayari, kwa Kifaransa, sentensi sita. Ya nne ilisema kwamba mimi, mwenye uzoefu wa miaka mingi, nilimwona kwa macho yangu akikwaruza migongo ya karata kwa ukucha. Nilimwambia sikuona hivyo. Hakupandisha sauti. Alisema amekuta kwenye daftari la zamani kwamba mtu yule alikwisha kukatazwa, kwa mwandiko wangu, na kwamba mimi ndiye niliyempitisha mlangoni mara tatu. Kwa hiyo mambo ni mawili: ama mwalimu aliweka alama, ama alipatana na mtu wa ndani. Nichague ni lipi niandike.

Nilijua jibu la kweli ni la tatu. Nililijua kuliko mtu yeyote katika jengo lile. Binti yangu Zaituni alikuwa mwaka wa mwisho chuoni, mama hakuwa anaona tena vizuri, na nilijiona niko jela kwa kupatana na mchezaji. Nikasaini. Kalamu ilikuwa nzuri, nakumbuka, haikukwama hata kidogo.

Karata zilizopelekwa polisi zilikuwa na mikwaruzo. Zilipotoka mezani hazikuwa nayo. Nani aliikwaruza sikumwona, na leo siandiki nisichokiona. Lakini sahihi yangu ndiyo iliyozipa maana. Walisema shahidi ni yule mama aliyemkamata mtu wa mawese. Macho yake hayakosei.

Nilijiambia watamwachia baada ya wiki. Wiki zikawa miezi. Nilifanya kazi kama kawaida, hata niliwafundisha wapya kupiga makofi.

Mwezi wa tisa tangu achukuliwe, saa nane mchana, mlinzi akaniambia kuna mwanamke chini ananitafuta kwa jina. Alikuwa amekaa kwenye ngazi za nje, viatu mkononi. Alisimama akanishika mikono yote miwili.

"Amahoro, mama. Ni mimi Veronika, bibi ya Mwalimu Nestori. Yeye amenituma. Anasema hapa iko mutu mumoja wa haki, anaitwa Mama Hadija, alimuambiaka zamani kwa heshima. Anasema uje kumusemea ku korti, maana wewe unajua hakuiba."

Hakujua. Wala mumewe hakujua. Hawakuwa wameonyeshwa karatasi, au walionyeshwa na wasiisome mpaka chini. Nilimwomba akae, nikamletea maji, nikamuuliza habari za shamba, kwa kutaka tu kusema kitu kingine. Akanieleza kwamba kikao kilikwisha pita. Mwalimu aliitwa mara tatu asifike, na aliyeshika ahadi ya kulipa alikuwa yeye, kwa hiyo wakaandika kwamba upande wake umejitoa. Wale wengine walikuwa wameanza kuuza vipande. Shuleni walikwisha kumweka mwalimu mwingine. Alisema yote hayo bila kulia, kama mtu anayesoma orodha ya vitu vya kununua, halafu akauliza tena, "Utakuja, mama?"

Nikamwambia nitakuja. Sikumwambia kingine. Alinishukuru, murakoze, murakoze sana, akavaa viatu vyake akaondoka.

Mwezi mmoja baadaye kesi ilisikilizwa, asubuhi. Jaji alikuwa mwanamke wa makamo mwenye mafua. Mwalimu Nestori aliletwa, na aliponiona nimekaa benchi la mashahidi aliinamisha kichwa kunisalimu. Wakili wa nyumba akasoma ile karatasi kwa sauti, na mwisho akasoma jina. Nilimtazama mwalimu wakati jina langu linasomwa, kwa sababu niliona huo ndio uchache wa ninachopaswa kukibeba. Hakushangaa kwa uso. Aliacha tu kunitazama.

Jaji akaniuliza kama sahihi ni yangu.

"Ni yangu."

"Na yaliyoandikwa ni ya kweli?"

"Si ya kweli. Hakugusa karata. Alihesabu."

Akaniuliza kwa nini basi nilisaini, nikasema niliogopa. Akataka nimweleze kuhesabu ni nini, nami nikamweleza kama Papa Fataki alivyonieleza: kwamba karata zinazotoka zinawekwa wazi mbele ya kila mtu, kwamba yule anayezikumbuka hatumii kitu ambacho wengine hawakuoneshwa, kwamba nyumba ingeweza kumwambia aondoke, na iliwahi kumwambia, naye akaondoka. Jaji alipenga kamasi, akamuuliza wakili ni uongo gani ambao mwalimu aliiambia nyumba, na kwa kitu gani aliidanganya. Wakili akasema mshitakiwa alificha kwamba ana ujuzi. Jaji akajibu kwamba hajaona sheria inayomlazimisha mtu kutangaza akili zake mlangoni. Hiyo ndiyo mara pekee watu walicheka siku ile, na mwalimu hakucheka.

Aliachiwa huru. Nyumba iliamriwa kumpa alichoshinda. Mimi jaji aliniambia angeweza kunifungulia kesi kwa ile karatasi, na kwamba nitafakari kwa nini hafanyi hivyo. Nimetafakari miaka yote hii, sijapata.

Kesho yake nilifukuzwa. Baadaye nyumba ya mjini ikanichukua, mliponikuta ninyi, nami nikawafundisha yote mliyotaka isipokuwa haya. Kwa hiyo shikeni hili sasa. Mtu akishinda, mtazameni vidole kwanza. Vidole vikiwa safi, acheni polisi. Mkichoka naye, mwambieni aondoke, mbele ya shahidi, bila kumgusa na bila kumshikia chake. Na mkiletewa karatasi iliyopigwa chapa kabla hamjaulizwa mliona nini, msiketi. Ukiketi utasaini.

Mwaka mmoja baada ya kesi nilikwenda Gatete. Nilichelewa hivyo kwa woga, si kwa shughuli. Nilibeba kilo mbili za sukari na kitenge, kama mtu anayekwenda kwenye msiba. Nilielekezwa mpaka kwenye chumba cha kupanga karibu na barabara. Ile fedha ya ushindi ililipa wakili na dawa. Shamba lilikuwa limekwisha kuuzwa, na aliyelinunua amejenga tanuru la kupikia mawese pembeni ya makaburi. Veronika alikuwa kibarua pale, anachambua ngazi, yale matunda ya mchikichi, kwa mwenye tanuru, kwenye shamba la babu ya mumewe.

Mwalimu alikuwa amelala juu ya mkeka nje ya mlango. Ugonjwa wa kifua aliutoa jela. Aliniomba radhi kwa kutosimama. Nilianza maneno niliyoyapanga njia nzima, akaninyanyulia mkono.

"Dada, ulisema ukweli mbele za watu," akasema. "Ulichelewa, lakini ulisema. Nimekusamehe. Usije tena kwa ajili hiyo."

Aliuliza habari za binti yangu. Aliuliza kama Papa Fataki yu hai. Halafu kikohozi kikamshika. Hiyo ndiyo mara ya mwisho kumwona. Alifariki mvua zilizofuata.

Veronika alinisindikiza mpaka barabarani, mikono yake ikiwa myekundu kwa mawese mpaka kwenye viwiko. Tulifika kwenye lami. Hapo akasimama.

"Yeye amekusamehe kwa sababu amechoka," akasema. "Miye sijachoka."

Nilimwambia ana haki. Akanirudishia sukari, akaweka kitenge juu yake vizuri, kisipate mafuta, akageuka kurudi kwenye kazi ya watu.